Kiti cha Wilaya ya 136 katika Bunge la Georgia



Siku ya Jumatatu, tarehe 10 Januari 1966, wajumbe wapya wa Baraza la Wawakilishi la Jimbo la Georgia, nchini Marekani, walikusanyika mjini Atlanta ili kula kiapo. Walitakiwa kuapa kwamba wataiheshimu na kuitetea Katiba ya Marekani na ile ya Georgia. Kila anayevaa sare anakifahamu kiapo cha namna hiyo, na anajua uzito wake. Lakini kabla mikono haijainuliwa, mjumbe mmoja aliambiwa akae kando. Wenzake wakaapa, yeye hakuapa. Siku hiyo hiyo kamati maalumu ikamhoji, na Baraza likapiga kura: wajumbe 184 walitaka asipewe kiti, 12 walitaka apewe.

Mjumbe huyo aliitwa Julian Bond. Alikuwa Mmarekani Mweusi, na zilikuwa zimebaki siku nne tu atimize umri wa miaka 26. Hakuwa ameiba kura, wala hakuna aliyedai kwamba ameiba. Umri wake ulitosha na makazi yake yalijulikana. Kosa aliloshitakiwa nalo lilikuwa maneno: aliiunga mkono taarifa iliyopinga vita vya Vietnam. Wale 184 walisema kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kula kiapo kwa moyo safi, na kwamba amewasaliti askari walioko vitani.

Shauri hilo lilikuwa zito, na si kwa Bond peke yake. Nyuma yake walikuwapo wapiga kura wapatao 6,500 wa Wilaya ya Uchaguzi Nambari 136, na kati yao wapatao 6,000 walikuwa watu Weusi. Bond akikosa kiti, wao ndio waliobaki bila ya msemaji. Na ili kuelewa kwa nini watu hao walikuwa wepesi wa kushuku nia ya Baraza lile, hapana budi kurudi nyuma karibu miaka mia moja.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikwisha mwaka 1865, na utumwa ukafutwa. Mwaka 1868 Georgia ilipata katiba mpya, na watu Weusi walipiga kura na kuchaguliwa. Watu Weusi 33 waliingia katika Bunge la Jimbo. Mmoja wao alikuwa Henry McNeal Turner, ambaye wakati wa vita alikuwa kasisi wa jeshi, akiwahudumia askari Weusi waliopigana upande wa Serikali ya Muungano. Mtu huyo, aliyeitumikia bendera ya nchi yake katika saa ya hatari, hakukaa bungeni hata miezi mitatu. Mwezi Septemba 1868 wajumbe Wazungu walikata shauri kwamba katiba imewapa watu Weusi haki ya kupiga kura tu, bali haikuwapa haki ya kushika madaraka. Wakawafukuza karibu wote. Wachache waliachwa kwa sababu rangi yao ilikaribia weupe, na hapo tunaweza kuona jinsi sheria inavyogeuka mzaha pale inapopimwa kwa ngozi.

Turner alisimama na kusema kwamba hatapiga magoti mbele ya mtu yeyote kuomba haki ambayo ni yake. Kisha akatoka. Siku chache baadaye, tarehe 19 Septemba, mamia ya watu Weusi walitembea kwa miguu kutoka Albany kwenda mji mdogo wa Camilla, kuhudhuria mkutano wa uchaguzi. Miongoni mwa viongozi wao alikuwamo Philip Joiner, mmoja wa wale waliofukuzwa. Mkuu wa polisi wa kaunti ile, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda amani, alikuwa upande mmoja na Wazungu wenye bunduki waliowangojea mjini. Waliouawa walikuwa kati ya 9 na 15, na wengi walijeruhiwa, wengine wakifuatwa mpaka porini.

Serikali ya Marekani haikuweza kulifumbia macho jambo hilo daima. Mwezi Desemba 1869 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuirudisha Georgia chini ya uangalizi wa jeshi, na Jenerali Alfred Terry akapewa kazi hiyo. Mwezi Januari 1870 aliwaondoa wajumbe wasiostahili na kuwarudisha Weusi katika viti vyao. Yafaa kuangalia ni akina nani waliohesabiwa kuwa hawastahili. Katiba ya Marekani ilikuwa imekwisha kuongezwa kifungu kinachomkataza kushika madaraka mtu ambaye zamani aliapa kuitetea Katiba hiyo, kisha akaivunja ahadi kwa kujiunga na uasi. Basi wavunja kiapo walikuwako Georgia, na hawakuwa wale waliofukuzwa mwaka 1868.

Jeshi lilipoondoka, mambo yalirudi yalikokuwa, ila safari hii kwa taratibu na kwa kalamu. Katiba ya Georgia ya mwaka 1877 ilifanya kodi ya kichwa kuwa sharti la kupiga kura, na aliyeshindwa kulipa mwaka huu deni lake liliongezwa juu ya lile la mwaka ujao. Chama cha Democratic, kilichokuwa na nguvu zote, kiliwafungia Weusi mlango wa uchaguzi wake wa mchujo. Na kwa kuwa aliyeshinda mchujo huo alikuwa amekwisha kushinda, uchaguzi mkuu ukawa kama sherehe tu. Mwaka 1907 mjumbe Mweusi wa mwisho aliondoka bungeni. Mwaka 1908 likaja badiliko la katiba lililodai mpiga kura ajue kusoma au awe na mali. Lakini waliowahi kutumika katika majeshi ya Marekani, au ya dola ya Kusini iliyoasi, pamoja na wazao wao, wakasamehewa masharti hayo. Ndiyo kusema, mjukuu wa askari aliyepigana kuivunja nchi alipiga kura bila ya kuulizwa kitu, na mjukuu wa mtumwa akapewa mtihani.

Juu ya hayo kulikuwa na hila ya hesabu, nayo iliwaumiza hata Wazungu wa mijini. Georgia ina kaunti 159. Kaunti 8 zilizokuwa na watu wengi zilipewa wajumbe 3 kila moja katika Baraza la Wawakilishi, kaunti 30 zilizofuata zikapewa 2 kila moja, na kaunti 121 zilizobaki zikapata mjumbe mmoja mmoja, jumla 205. Kwa mujibu wa hesabu ya watu ya mwaka 1960, Kaunti ya Fulton, ulimo mji wa Atlanta, ilikuwa na watu 556,326, na ikatoa wajumbe 3. Kaunti ya Echols ilikuwa na watu 1,876, nayo ikatoa mjumbe 1. Mkaazi mmoja wa Echols alihesabika sawa na wakaazi 99 wa Fulton. Uchaguzi wa mchujo wa Gavana nao ulifuata mpango huo huo. Hivyo mwanasiasa aliyetaka kutawala Georgia hakuwa na haja ya kusikiliza mjini; alikwenda vijijini, akapatana na wakuu wa kaunti ndogo, basi.

Haki inataka kutaja pia jambo moja jema. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Georgia ilikuwa Jimbo la kwanza la Marekani kuteremsha umri wa kupiga kura kutoka miaka 21 hadi 18. Gavana Ellis Arnall alishikilia kwamba kijana anayefaa kupelekwa vitani anafaa pia kuchagua wanaompeleka. Kodi ya kichwa ikafutwa mwaka 1945, na mwaka 1946 mahakama zikauvunja mchujo wa Wazungu peke yao. Lakini ile hesabu ya kaunti iliendelea kusimama kama boma.

Boma hilo lilibomolewa na Mahakama Kuu ya Marekani. Mwezi Machi 1963 Mahakama iliamua kwamba mpango wa Georgia wa kuhesabu kura kwa kaunti ni kinyume cha Katiba, na kwamba usawa wa kisiasa hauna maana nyingine ila mtu mmoja, kura moja. Maneno hayo wasikilizaji wa Afrika wanayafahamu vizuri. Mwezi Agosti mwaka huo huo, katika maandamano makubwa ya Washington, kijana John Lewis alisema waziwazi kwamba kilio hicho ni cha Afrika, na kwamba watu wake wamekifanya kuwa chao.

Lewis alikuwa mwenyekiti wa SNCC, yaani Kamati ya Wanafunzi ya Kuratibu Mapambano Yasiyo ya Fujo, na Julian Bond alikuwa mkuu wake wa habari. Uhusiano wao na bara hili haukuwa wa maneno matupu. Mwaka 1964 ujumbe wa Kamati hiyo, Lewis na Bond wakiwamo, ulikwenda Guinea kwa mwaliko wa Rais Sékou Touré. Na baadaye Lewis na mwenzake mmoja waliendelea mpaka Nairobi, ambako walikutana na Malcolm X.

Basi baada ya amri za mahakama Georgia ililazimika kugawa upya viti vyake kwa kufuata idadi ya watu. Fulton ikapata viti vingi, na mitaa ya watu Weusi ya Atlanta, kama vile Vine City, ikapata kwa mara ya kwanza wilaya zake yenyewe. Ndivyo ilivyozaliwa Wilaya ya 136. Uchaguzi maalumu ulifanywa tarehe 15 Juni 1965. Bond alipita nyumba kwa nyumba, akiwauliza watu wanataka nini kabla ya kuwaambia yeye anataka nini. Mpinzani wake, Malcolm Dean, mlezi wa wanafunzi wa kiume katika Chuo Kikuu cha Atlanta, naye alikuwa mtu Mweusi. Bond alipata kura 2,320 na Dean 487.

Ushindi huo haukuwa na kelele kubwa. Kelele zilikuja Januari. Tarehe 3 ya mwezi huo, mwaka 1966, mjini Tuskegee katika Jimbo jirani la Alabama, kijana Mweusi mwenye umri wa miaka 21, Sammy Younge, alipigwa risasi akafa katika kituo cha petroli, kwa sababu alitaka kutumia choo cha Wazungu. Younge alikuwa ametumika katika Jeshi la Majini la Marekani. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa taarifa. Ilisema kwamba kuuawa kwa Younge na kuuawa kwa watu wa Vietnam ni jambo la aina moja. Kwamba Serikali inayoshindwa kulinda kura ya raia wake nyumbani haina haki ya kudai inapigania uhuru ng'ambo. Na kwamba Kamati inawaunga mkono vijana wasiotaka kuitikia wito wa kuandikishwa jeshini.

Hayo yalikuwa maneno makali, tena wakati ambapo Marekani ilikuwa imekwisha kupeleka Vietnam askari wapatao 184,000. Mzazi mwenye mwana huko, awe Mweusi au Mzungu, angeweza kuyasikia kwa uchungu, na si haki kudhani kwamba kila aliyekasirika alikuwa mbaguzi. Bond hakushiriki kuiandika taarifa hiyo. Lakini mtangazaji wa redio mmoja wa Atlanta alimpigia simu na kumwuliza kama anaikubali, naye akajibu kwamba anaikubali. Mazungumzo hayo yalinaswa kwenye ukanda, na ukanda ukafikishwa bungeni. Wajumbe 75 wakatia sahihi hati za kupinga asiapishwe.

Mbele ya kamati Bond alijieleza bila ya kuyumba. Alisema kwamba anawastahi wanaochoma kadi zao za wito wa jeshi, kwa kuwa wanajua adhabu inayowangojea na hata hivyo wanatenda wanaloliamini. Lakini yeye mwenyewe hakuichoma yake, na hakumshauri mtu mwingine yeyote aichome. Kadi yake, alisema, imo mfukoni, na yuko tayari kuitoa wakitaka kuiona. Alisema pia kwamba yuko tayari kula kiapo. Kura ikapigwa, 184 kwa 12.

Mwanajeshi anaweza kuuliza: je, kama mimi nimeapa na nafungwa na kiapo changu, kwa nini mjumbe wa Bunge asifungwe na chake? Swali ni la haki, na ndilo lililokwenda mahakamani. Bond alifungua mashitaka, na pamoja naye walikuwamo wapiga kura wawili wa Wilaya ya 136. Mmoja wao alikuwa Dk. Martin Luther King, ambaye nyumba yake ilikuwa katika wilaya hiyo. Mtu aliyekuwa amepewa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 1964 alikuja mbele ya mahakimu kama mpiga kura wa kawaida aliyenyimwa mjumbe wake. Tarehe 10 Februari 1966 mahakama ya mahakimu watatu iliamua, wawili kwa mmoja, kwamba Baraza lilikuwa na haki ya kumkataa. Hakimu Elbert Tuttle ndiye aliyepinga. Bond akakata rufani.

Hapo wapiga kura wakapewa zamu yao. Gavana aliitisha uchaguzi mdogo wa kujaza kiti kilichoachwa wazi, na wakuu wa Georgia huenda walitumaini kwamba wilaya ile itachoka, au itaona afadhali kumtafuta mtu asiyekuwa na matatizo. Tarehe 23 Februari watu wa Wilaya ya 136 wakamchagua Bond. Baraza lilikuwa likizoni; kamati yake ikamwita, ikamtaka ayaondoe maneno yake. Akakataa, nao wakamnyima kiti mara ya pili. Mwezi Septemba akashinda mchujo wa chama chake, na tarehe 8 Novemba akashinda uchaguzi mkuu. Katika muda wa miezi kumi na saba wilaya ile moja ilimchagua mtu yule yule mara tatu, na katika muda wote huo kiti chake kilikuwa kitupu. Sheria zilitungwa, fedha za Jimbo zikagawanywa, na wakaazi wa Vine City hawakuwa na mtu wa kusimama na kusema neno.

Mahakama Kuu ilitoa hukumu tarehe 5 Desemba 1966. Mahakimu wote walikuwa na kauli moja, na hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren. Wanasheria wa Georgia walikubali kwamba Baraza lisingeweza kumkataa mtu kwa rangi yake. Walichodai ni kwamba lina haki ya kupima kama mtu anaapa kwa moyo wa kweli. Mahakama ikajibu kwamba sharti la kiapo halikuwapa wajumbe walio wengi mamlaka ya kuchungulia mioyo ya wachache. Kama wakiruhusiwa, wataweza kumzuia yeyote mwenye maoni wasiyoyapenda, wakisema tu kwamba kiapo chake si cha kweli. Tena, maneno ya Bond hayakuwa kumchochea mtu avunje sheria; raia wa kawaida asingeweza kuadhibiwa kwa kuyatamka, na mjumbe hawezi kuwa na uhuru mdogo kuliko raia aliyemtuma. Zaidi ya hayo, ni wajibu wa mjumbe kutoa maoni yake juu ya mambo makubwa ya nchi, ili waliomchagua wamjue na wampime.

Hukumu hiyo haikugusa kiapo cha askari hata kidogo. Askari hutii amri. Mjumbe huchaguliwa ili aseme. Georgia ilitaka kumpima mjumbe kwa kipimo cha kambini, na ilifanya hivyo kwa kutumia jina la wanajeshi ambao hawakuulizwa. Hata Sammy Younge aliyevaa sare ya nchi hiyo hakutajwa na wale 184 kama mmoja wa askari waliostahili kuonewa uchungu.

Siku ya Jumatatu, tarehe 9 Januari 1967, Julian Bond alikula kiapo kile kile alichokatazwa mwaka uliotangulia, akaketi.

Kesho yake, tarehe 10 Januari, Bunge hilo hilo lilikuwa na kazi nyingine. Katika uchaguzi wa Gavana wa mwezi Novemba hapakuwa na aliyepata zaidi ya nusu ya kura. Howard Callaway wa chama cha Republican alipata kura 453,665, na Lester Maddox wa Democratic 450,626. Maddox alikuwa mwenye hoteli ya chakula mjini Atlanta aliyepata umaarufu mwaka 1964 kwa kuwafukuza wateja Weusi mlangoni kwake, huku wafuasi wake wakishika mipini ya mashoka. Katiba ya Jimbo ilisema kwamba shauri la namna hiyo liamuliwe na Bunge, na tarehe 12 Desemba 1966, wiki moja tu baada ya hukumu ya Bond, Mahakama Kuu iliukubali utaratibu huo kwa mahakimu watano dhidi ya wanne. Bunge likapiga kura. Maddox, aliyekuwa wa pili kwa wapiga kura, akawa Gavana kwa kura 182 dhidi ya 66.

Bond alikaa katika Baraza la Wawakilishi mpaka mwaka 1975, akaingia Seneti ya Georgia na kukaa humo mpaka mwaka 1987. Mwaka 1986 aligombea kiti katika Bunge la Marekani akashindwa na John Lewis, rafiki yake wa siku za SNCC, na urafiki wao ukapata jeraha. Alifariki dunia tarehe 15 Agosti 2015. Mwaka 1978, yeye akiwa Seneta, sanamu ilisimamishwa katika viwanja vya Bunge la Georgia, kwa jitihada za wajumbe Weusi wa wakati huo. Ni ukumbusho wa wale 33 wa mwaka 1868, na jina lake linasema kwamba walifukuzwa kwa ajili ya rangi yao.